Si kila mahangaiko ni ugonjwa: mimi na dawa za akili

Mimi ni fundi cherehani Mwanjelwa, jijini Mbeya, na kila usiku nameza dawa ya saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo. Naandika kwa sababu watu wengi wanaoanzishiwa dawa hizi hutoka dirisha la dawa na kibahasha mkononi na neno moja tu: usiache. Neno hilo ni la kweli. Lakini mtu aliyeambiwa asiache, asiambiwe atakutana na nini, ataacha siku mwili utakapomgeuka, au ndugu zake watamwachisha wakiamini wanamwokoa. Kilichonisaidia kuliko yote ni kujifunza kutofautisha: hili ni ugonjwa, hili ni dawa, na hili la pili lina tiba yake.

Sauti zilianza kunijia nikiwa kazini. Mwanzoni zilijificha nyuma ya kelele za vyerehani, kama wateja wanaoteta. Baadaye zikanisimanga kwa jina hata usiku, chumba kikiwa kimya. Sitasimulia yote. Mama alikuja kutoka Tukuyu, kukawa na maombi, kukawa na mjomba aliyetaka nipelekwe kwa mganga, mwishowe nikafikishwa hospitali. Nilichomwa haloperidoli, dawa ya saikosisi, na kupewa vidonge vyake vya kuendelea nyumbani. Sauti zikaanza kufifia. Kwa hilo naishukuru dawa ile mpaka leo, na yote nitakayosema hapa nayasema nikiwa mtu aliyeokolewa nayo.

Lakini katika siku zile za mwanzo, jioni moja, shingo ilianza kuvutwa upande. Nilijaribu kuirudisha kwa mikono, ikakataa. Macho yakapanda juu yakagoma kushuka, taya likakaza, ulimi ukajaa mdomoni. Akili ilikuwa timamu kabisa. Nilisikia kila neno lililosemwa chumbani, na waliokuwa chumbani walikuwa wakikemea mapepo. Ukiitazama sura ile bila kujua, huwezi kufikiria kitu kingine. Aliyetuvusha ni bibi mmoja jirani, muuguzi mstaafu. Aliingia, akanitazama, akauliza, "Amepewa dawa gani?" Mama akamwonyesha kibahasha. "Mama, hii ni dawa inafanya hivi. Mrudisheni hospitali sasa hivi, msisubiri asubuhi." Tukaita bajaji. Nilichomwa promethazini, na baada ya muda mfupi shingo ikalegea, macho yakashuka, nikaweza kumeza mate yangu.

Baadaye nilielezwa kwamba haloperidoli hupunguza kazi ya kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Kemikali hiyo inahusika na sauti zile, lakini pia ndiyo inayosaidia kuongoza misuli. Ukiibana ghafla, misuli huweza kukaza yenyewe. Hutokea zaidi siku chache baada ya kuanza dawa au kuongezewa kiwango, na huwapata zaidi vijana, hasa wanaume. Maumivu yake ni makali, lakini huondoka kwa sindano. Ikishika koo, mtu anaweza kushindwa kupumua, kwa hiyo si jambo la kulala nalo.

Hakuna aliyetuambia hayo tulipokuwa tunaondoka hospitali, na hilo linaniuma bado. Dawa hizi si ngeni. Klopromazini, ambayo wengi tunaiita Largactil, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen. Watabibu wameiona shingo iliyopinda kwa miongo mingi. Dakika tano za maelezo kwa mama yangu zingetosha kabisa kuondoa hofu ile.

Kisha ikaja miguu, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hili ndilo linalowachanganya watu kuliko yote.

Mwili mzima ulinidai nisimame. Nikisimama, unanidai nitembee. Nikitembea, unanidai nikae. Cherehani ya kukanyaga inataka miguu iende kwa mwendo mmoja; yangu ilikwenda yenyewe, mishono ikapinda, nikafumua magauni ya watu na kuyarudia. Usiku nilizunguka uani nimejifunika blanketi, baridi ya Julai ikiuma, kwa kuwa kulala kulinishinda. Mama alinitazama dirishani na kulia, akiamini ugonjwa umerudi. Tulipokwenda kituo kimoja cha afya, mhudumu alimsikiliza mama: hatulii, halali, anazunguka usiku kucha. Akaandika dozi iongezwe. Ukimsikiliza mama tu, hata wewe ungeiongeza. Nikawa na hali mbaya zaidi.

Nitasema na hili, kwa sababu kuna mtu analipitia sasa hivi akidhani yuko peke yake. Siku zile nilianza kutamani kufa. Sauti hazikuniambia. Sikuona tu pa kuuweka mwili wangu. Hali hii ya kutotulia, ambayo wataalamu huiita akathisia, inaweza kumfikisha mtu huko. Ikikupata, mwambie mtu wa nyumbani siku hiyohiyo, na mwende hospitali siku hiyohiyo. Usingoje tarehe ya kliniki.

Katika kliniki ya afya ya akili ya hospitali kubwa, daktari aliniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Dada, hayo mahangaiko yanaanzia kichwani au miguuni?" Nikajibu miguuni. Sauti je? Zimepungua sana. Hofu ya kufuatwa na watu? Hakuna. "Basi hii ni dawa," akasema. Akapunguza kiwango, akaniongezea propranololi kwa muda, baada ya kuniuliza kwanza kama nina pumu, maana propranololi ni hatari kwa mwenye pumu. Utulivu ulirudi polepole, kuanzia usingizi, kisha miguu.

Kilichomsaidia daktari ni daftari langu la vipimo vya wateja. Kurasa za nyuma nilikuwa nimeandika tarehe ya kila dawa iliyobadilishwa, na tarehe ya kila jambo jipya mwilini. Mahangaiko yalianza baada ya haloperidoli na kuongezeka baada ya dozi kuongezeka, wakati sauti zilikuwa zinapungua. Ukiyaweka mambo mawili hayo kwenye ukurasa mmoja, jibu linaonekana. Tangu hapo sijawahi kwenda kliniki bila daftari, na kila mwenzangu ninayekutana naye kwenye benchi namwambia anunue lake.

Mikono nayo ilitetemeka, na hatua zangu zikawa fupi na nzito. Nikapewa Artane, yaani triheksifenidili. Mtetemo ukapungua, ila macho ya karibu yakaingia ukungu. Tundu la sindano sikuliona tena. Binti niliyekuwa nikimfundisha kazi ndiye aliyenitungia uzi, na mama akaanza kuulizia bei ya miwani. Haikuwa miwani. Artane hufanya hivyo, hukausha mdomo, na hufunga choo. Watu huona haya kuzungumzia choo mbele ya daktari. Msione haya. Dawa za saikosisi zenyewe hupunguza mwendo wa utumbo, Artane ikiongezeka juu yake utumbo unaweza kusimama, tumbo likavimba na kutapika kukaanza. Hapo ni hospitali. Kwangu maji, mboga za majani na kutembea vilitosha, na daktari alipoona kiwango cha haloperidoli kimeshuka akaniondoa Artane taratibu. Si kila anayemeza dawa ya saikosisi anahitaji Artane, na anayeihitaji leo si lazima aimeze maisha yake yote. Uliza. Na uifungie mahali, kwa sababu wapo vijana wanaoitafuta kama kilevi.

Baada ya muda tulihamia risperidoni, dawa nyingine ya saikosisi. Mikono ikatulia, nikarudi kushona suti. Kisha hedhi ikakata. Siku moja nikakuta blauzi imelowa kifuani: maziwa. Sikuwa na mimba, kipimo kilionyesha hivyo, lakini majirani walikuwa wameshaamua, na shangazi yangu alinipigia simu kuuliza baba wa mtoto ni nani. Nililia siku ile kuliko siku ya shingo.

Maelezo yake ni mepesi. Dopamini ileile inayobanwa na dawa ndiyo inayoizuia homoni ya maziwa, prolaktini, isipande. Kizuizi kikilegea, homoni hupanda, maziwa hutoka, hedhi husimama. Hali hiyo ikikaa miaka, mifupa hudhoofika, kwa hiyo si jambo la kuzoea. Kwa wanaume matiti huweza kuvimba na nguvu za kiume kupungua. Kaka zangu, nina hakika wengi wenu mnaotupa vidonge kimyakimya mnavitupa kwa sababu hii. Daktari hatawacheka. Dawa inaweza kupunguzwa au kubadilishwa. Na kwa dada zangu: ukibadilishiwa dawa, uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi hata kabla hujaiona hedhi. Kama hujapanga mtoto, zungumzia uzazi wa mpango siku hiyohiyo. Kama unamtaka mtoto, zungumza na daktari kabla ya mimba, na ukigundua tayari unayo, usitupe dawa kwa woga, nenda kliniki.

Sasa natumia olanzapini, nayo ni dawa ya saikosisi. Hedhi ilirudi, maziwa yakakauka, na njaa ikaja. Njaa ya dawa hii haifanani na njaa ya kawaida. Unamaliza sahani ya ndizi na bado tumbo linauliza chakula kiko wapi. Kwetu Tukuyu mgeni hapewi sahani ndogo, na mama akija huja na mkungu wa ndizi, maparachichi, na mchele wa Kyela. Nilijipima kiuno kwa futi yangu ileile ya kupimia wateja, nikaona namba zinapanda mwezi baada ya mwezi. Fundi hawezi kujidanganya kuhusu kiuno. Mama alifurahi, akasema nimependeza, nimerudi kuwa mtu. Kliniki hawakufurahi sana, na walikuwa na sababu: olanzapini inaweza kupandisha sukari na mafuta kwenye damu, pamoja na uzito. Wanaoanza nawasihi waombe kupimwa uzito, shinikizo la damu na sukari kabla ya kidonge cha kwanza, ili baadaye kuwe na cha kulinganisha. Mimi nimeacha sukari kwenye chai, soda nimezihama, nakula kwenye sahani ndogo, na kazini naenda kwa miguu. Uzito haujarudi ulikokuwa, lakini umeacha kupanda. Kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara ni dalili za kukimbilia kipimo cha sukari.

Kwenye benchi la kliniki tunafundishana mengi, mengine ya kweli na mengine ya kupotosha. Utasikia mtu anasema, "Wewe unameza mia, mimi tano tu, kwa hiyo ugonjwa wako ni mkubwa." Miligramu za dawa tofauti hazilinganishwi hivyo. Kwa makadirio ya wataalamu, miligramu 2 za haloperidoli hufanya kazi inayokaribia ya miligramu 100 za klopromazini. Ila ndani ya dawa moja, namba ni kila kitu. Vidonge vya haloperidoli vipo vya 1.5 na vipo vya 5. Dawa ikiisha kituoni ukaenda kununua duka la dawa, soma jina na soma miligramu, maana vidonge viwili vinavyofanana kwa macho vinaweza kukupa zaidi ya mara tatu ya ulichozoea.

Kuna kaka mmoja analima viazi Uyole, anatumia Largactil. Alikuja uso umebabuka, akidhani ni ukungu wa shambani. Ilikuwa jua. Watu wa nyanda za juu tunaogopa baridi, jua hatulihesabu, lakini huku juu jua ni kali hata ukiwa umevaa sweta, na klopromazini huifanya ngozi iungue upesi. Kofia pana na mikono mirefu vilimsaidia. Dawa hiyohiyo hushusha shinikizo la damu unaposimama ghafla. Ukiamka usiku kwenda choo cha nje, kaa kwanza kitandani, kisha ndiyo unyanyuke. Na kwa kuwa inaleta usingizi mzito, msimwache mgonjwa alale chumba kimoja na jiko la mkaa, baridi iwe kali kiasi gani. Pombe nayo, iwe ya chupa au kimpumu, huongeza usingizi huo hadi mtu asiamke vizuri. Sigara ina njia yake: moshi wake huufanya mwili uondoe olanzapini haraka, hivyo anayeanza kuvuta au anayeacha ghafla amwambie daktari, maana dozi ileile inaweza kuwa ndogo au kubwa mno.

Tulishuka Kyela msibani. Ukitoka baridi yetu ukaingia joto la Kyela, mwili unashangaa, na wa mtu anayetumia dawa hizi unashangaa zaidi, kwa sababu zinapunguza uwezo wa mwili kujipooza. Nilikunywa maji kuliko kawaida. Tuliporudi nikapata homa. Kila mtu alisema malaria, na kipimo kikasema malaria. Lakini kabla ya kupewa mseto nilimwonyesha mhudumu daftari langu. Aliuliza kama nina tatizo lolote la moyo, kwa kuwa mseto na baadhi ya dawa za saikosisi, haloperidoli hasa, vyote vinaweza kugusa mapigo ya moyo. Kisha akanishika mikono na kuikunja kwenye viwiko. Alikuwa anaangalia kama mwili umekakamaa. Ipo hali nadra ambayo dawa ya saikosisi yenyewe huleta homa kali, mwili hukakamaa, jasho hutiririka, mtu huchanganyikiwa, mkojo huweza kuwa mweusi. Hiyo huua. Dawa husimamishwa papo hapo na mgonjwa hulazwa. Kwa hiyo homa ya mtu anayetumia dawa hizi isiishie kwenye dhana ya malaria. Mpimeni malaria, na mwangalieni kama amekakamaa.

Wapo pia wazee ambao midomo inatafuna bila chakula, ulimi ukichungulia nje. Hiyo huja baada ya miezi au miaka ya dawa, na ikikaa sana inaweza isiondoke hata dawa ikiachwa. Artane haiitibu, huweza kuizidisha. Mimi huomba binti wa kazini anitazame mdomo ninaposhona, kwa sababu mwenyewe huwezi kujiona. Ikianza, daktari aambiwe mapema.

Kuhusu kuacha. Dada mmoja tuliyekuwa tukikaa naye benchi aliambiwa kanisani kwamba amepona, akaacha siku hiyohiyo. Wiki za kwanza alikuwa na furaha kweli. Usingizi wa mchana uliondoka, mdomo ukapata mate, akapungua mwili. Alitushuhudia sote, na nakiri maneno yake yalinivuta. Hapa ndipo penye mtego: maudhi ya dawa huondoka mapema, ugonjwa hurudi kwa kuchelewa, pengine baada ya miezi, na wakati huo hakuna tena anayeunganisha mambo hayo mawili. Alirudishwa kliniki na kaka zake wakiwa wamemfunga kamba. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba aliyepatwa na saikosisi aendelee na dawa angalau miezi 12 baada ya dalili kutulia, na hata hapo kupunguza kufanywe kidogokidogo na mtaalamu. Ukisahau dozi moja, imeze ukikumbuka, isipokuwa kama wakati wa inayofuata umekaribia. Usimeze mbili kufidia. Na anayependekezewa sindano ya Modecate, dawa ya saikosisi inayokaa mwilini muda mrefu na kuchomwa kila baada ya wiki kadhaa, aulize kwanza kama amejaribiwa kwa kiwango kidogo, kwa sababu ikishaingia mwilini haitolewi.

Mimi nimekaa muda mrefu bila sauti, na nilimwomba daktari tupunguze olanzapini. Hakukataa. Aliuliza lini nina kazi nyingi. Nikamwambia Januari, sare za shule, ambapo usiku hatulali. Tukakubaliana tusiguse kitu kabla ya Machi, wakati wateja wamepungua na mama anaweza kuja kukaa nami. Tumeshusha hatua ya kwanza, na hatua ya pili itategemea usingizi wangu. Mama ana namba ya kliniki kwenye simu yake, na ana mambo matatu ya kuangalia: nikikesha usiku mbili mfululizo, nikianza kujibu mtu asiyekuwepo, au nikianza kufunga madirisha mchana. Likitokea mojawapo ataniambia mimi kwanza, kisha atapiga simu bila kuniomba ruhusa. Nimeyaandika hayo kwenye daftari na kuweka sahihi, naye ameweka yake.